Alphonse Pénaud na Eropleni ya Mpira

1. Mwewe na eropleni

Watoto wa Bukavu wanamjua mwewe. Asubuhi jua likiisha kupanda, wanamwona akizunguka juu ya ziwa Kivu. Ametandaza mabawa yake, wala hayapigi. Anainama kidogo upande mmoja, anageuza mkia, anapita juu ya mapaa ya nyumba, kisha anarudi tena ziwani. Haanguki. Upepo unamchukua kama maji yanavyouchukua mtumbwi.

Watoto hao wanajua eropleni pia. Kwa miaka mingi eropleni za injini mbili zilipita juu ya vilima vya Kivu, zikashuka katika uwanja wa Kavumu, ulio upande wa kaskazini wa mji, mwendo wa karibu kilometa 30. Injini moja bawa la kuume, injini moja bawa la kushoto. Mbele ya kila injini palikuwa na rafadha, yaani kile chombo chenye mapanga membamba kinachozunguka mbio na kuivuta eropleni hewani.

Mwewe alifundishwa kuruka na nani? Muumba wake alimpa akili hiyo tangu kiotani. Lakini wanadamu iliwapasa kujifunza, na masomo yao yalikuwa marefu na magumu. Mmoja wa waalimu wao wa kwanza alikuwa kijana asiyeweza kutembea vizuri. Hakupanda eropleni hata siku moja, maana eropleni hazikuwapo bado. Alifanya kazi kwa vijiti, karatasi na mpira. Jina lake Alphonse Pénaud, na hii ndiyo habari ya maisha yake.

2. Mtoto wa mkuu wa manowari

Alphonse Pénaud alizaliwa mjini Paris, mji mkuu wa Ufaransa, tarehe 31 Mei mwaka wa 1850. Baba yake alikuwa mkuu katika jeshi la manowari. Katika jamaa ya namna hiyo, mtoto wa kiume hasikii habari nyingine ila za bahari, merikebu, upepo na dhoruba. Basi Alphonse naye alitamani kuwa askari wa bahari kama baba yake.

Lakini alishikwa na ugonjwa wa nyonga. Ugonjwa huo ulimwumiza sana, ukamlegeza mguu. Ikambidi kutembea kwa magongo. Wenzake walipokimbia, yeye aliketi. Wenzake walipoanza kujitayarisha kwa kazi ya uaskari, yeye aliambiwa kwamba jeshi la manowari halimpokei mtu asiyeweza kusimama imara juu ya merikebu.

Ni jambo zito kijana kufungiwa mlango aliokuwa akiutazamia tangu utoto. Wengine hukaa kando ya mlango uliofungwa, wakalia mpaka uzee. Alphonse hakufanya hivyo wakati ule. Alikuwa na macho mazuri, mikono mistadi na akili ya hesabu. Akaona kwamba juu ya bahari ya maji kuna bahari nyingine, nayo ni hewa. Bahari hiyo hakuna aliyekuwa ameivuka kwa chombo chenye mabawa. Akaanza kusoma habari zake.

3. Maputo ya Paris

Wakati ule watu walikuwa na njia moja tu ya kupanda juu, nayo ni puto. Puto ni mfuko mkubwa uliojazwa hewa nyepesi. Mfuko hupanda, na watu huketi katika kikapu kinachoning'inia chini yake.

Mwaka wa 1870 vita vilitokea kati ya Ufaransa na Prusia. Adui akauzunguka mji wa Paris, asiruhusu mtu kutoka wala chakula kuingia. Watu walipata njaa sana. Hapo wenye mji wakatumia maputo. Zaidi ya maputo 60 yaliruka kutoka Paris, yakichukua barua na watu juu ya vichwa vya adui. Hiyo ilikuwa kazi ya ushujaa, na barua nyingi zilifika kwa wenyewe.

Lakini maputo yale yalikuwa na kasoro kubwa. Yaliweza kutoka, hayakuweza kurudi. Puto huenda upande unakovuma upepo, kama jani lililoanguka mtoni. Mtu aliye ndani hana usukani. Maputo mengine yalianguka kwa adui, mengine yalichukuliwa mpaka baharini yakapotea.

Kwa hiyo wenye akili wakazidi kuulizana: je, haiwezekani kufanya chombo kizito kuliko hewa, kitakachoruka kama ndege kwa mabawa yake, na kwenda mahali mwenye chombo anapotaka? Watu wengi waliwacheka walioulizana hivyo. Walisema kitu kizito lazima kianguke. Walisahau kwamba mwewe naye ni mzito kuliko hewa.

4. Nguvu iliyomo ndani ya mpira

Alphonse hakubishana kwa maneno. Aliona kwamba ushahidi mmoja tu ungewanyamazisha wenye kucheka: eropleni ndogo inayoruka kwelikweli mbele ya macho yao.

Shida yake ilikuwa nguvu. Injini za siku zile zilikuwa za mvuke. Zilitaka moto, maji na chuma kingi, nazo zilikuwa nzito mno. Watu waliotangulia kutengeneza vyombo vidogo vya kuruka walitumia upinde au springi ya saa. Lakini upinde huisha nguvu upesi, na springi ya chuma ni nzito.

Alphonse akaufikiria mpira. Mpira ni utomvu wa mti. Zamani haukufaa sana, maana wakati wa joto ulilainika na kunata, na wakati wa baridi ulikuwa mgumu na kupasuka. Lakini mwaka wa 1839 Mmarekani mmoja, Charles Goodyear, alivumbua namna ya kuuchanganya na kiberiti na kuupika kwa moto, hata ukawa imara. Mpira wa namna hiyo hunyoshwa ukarudi, hunyoshwa tena ukarudi tena.

Kila mtoto anaweza kujaribu jambo hili. Ukifunga uzi wa mpira kwenye msumari na kuusokota kwa kidole, utaona unajikunja na kuwa mafundomafundo. Nguvu ya kidole chako imeingia ndani ya mpira, nayo imelala humo kama maji nyuma ya ukuta. Ukiuachilia, mpira hujisokotoa kwa kasi na kukurudishia nguvu yako. Nao ni mwepesi sana. Hii ndiyo injini aliyoitafuta Alphonse. Haina moto, haina moshi, na inaenea mfukoni.

Mwaka wa 1870, alipokuwa na miaka 20, alitumia mpira uliosokotwa kuzungusha rafadha za chombo kidogo kilichopanda moja kwa moja juu, kama helikopta. Kilipanda vizuri. Ndipo akaanza kazi iliyo ngumu zaidi, yaani kufanya chombo kiende mbele kwa mabawa yaliyotandazwa, kama mwewe.

5. Siku ya tarehe 18 Agosti 1871

Chombo alichokitengeneza kilikuwa kidogo sana. Mwili wake ulikuwa kijiti kimoja chembamba, chenye urefu wa karibu nusu mita. Mabawa yake, kutoka ncha mpaka ncha, yalikuwa karibu sentimeta 45. Mpira ulinyoshwa chini ya kijiti, na nyuma kabisa palikuwa na rafadha ya kukisukuma mbele. Uzito wa chombo chote ulikuwa gramu 16, na katika hizo gramu 5 zilikuwa za mpira. Karatasi tatu kubwa za kuandikia zina uzito kama huo.

Lakini si wepesi tu uliokuwa ajabu. Wengine waliotangulia walifanya vyombo vyepesi pia, navyo vikaanguka. Ajabu ilikuwa hii, kwamba chombo cha Alphonse kilijua kujiweka sawa chenyewe.

Alifanyaje? Kwanza, alizikunja ncha za mabawa zielekee juu kidogo. Chombo kikilala upande mmoja, hewa huliinua bawa lililoshuka, nacho hurudi sawa. Pili, nyuma ya mabawa aliweka bawa dogo la mkia, akaliinamisha kidogo kuliko bawa kubwa. Pua ikishuka, kasi huzidi, na hewa huusukuma mkia chini. Basi pua huinuka tena. Pua ikipanda mno, kasi hupungua, mkia hauvutwi chini kama kwanza, na pua hushuka. Hivyo chombo kinajirekebisha bila mtu ndani yake. Watu waliotazama ndege maelfu ya miaka walikuwa hawajaweza kulionyesha jambo hili wazi kwa chombo kinachosukumwa na nguvu yake chenyewe. Kijana wa miaka 21 mwenye magongo aliweza.

Tarehe 18 Agosti 1871 Alphonse alikichukua chombo chake mpaka bustani ya Tuileries, katikati ya Paris. Miezi mitatu tu ilikuwa imepita tangu jumba la wafalme lililokuwa kando ya bustani hiyo kuteketea kwa moto, katika mapigano ya wenyeji wenyewe kwa wenyewe. Kuta zake nyeusi zilikuwa zimesimama bila paa. Huko ndiko walikokusanyika watu wa chama cha kuchunguza safari za hewani, ili watazame.

Alphonse akausokota mpira, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ukakaza. Akakiinua chombo, akakiachilia.

Chombo hakikuanguka. Kiliondoka mkononi mwake, kikaenda mbele makumi ya mita, kimenyoka, rafadha ikivuma, kikakaa hewani sekunde 11. Mpira ulipokwisha nguvu, kilishuka taratibu, kikatua chini. Waliokuwapo waliona kwa macho yao chombo kizito kuliko hewa kikiruka salama kwa nguvu yake chenyewe.

Sekunde 11 si nyingi. Mtu akihesabu polepole kutoka moja mpaka kumi na moja, zimekwisha. Lakini hizo sekunde 11 ziliwafungulia watu njia ya hewani.

Na kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyelijua siku ile. Kesho yake, tarehe 19 Agosti 1871, mbali sana, ng'ambo ya bahari, katika mji wa Dayton nchini Marekani, alizaliwa mtoto mwanamume. Wazazi wake walimwita Orville. Baba yake aliitwa Milton Wright. Habari zake zitafuata.

6. Eropleni ya rafadha mbili

Alphonse hakupumzika. Alifanya ndege mdogo wa mpira aliyepiga mabawa na kuruka. Aliandika makala katika gazeti la L'Aéronaute, akaeleza hesabu zake ili wengine wazisome. Hakuficha elimu yake kama mganga anavyoficha dawa.

Kisha akataka kufanya eropleni kubwa, ya kuchukua watu wawili. Aliifikiria pamoja na fundi mmoja, Paul Gauchot. Mwezi wa Februari mwaka wa 1876 walipata hati ya serikali iliyoshuhudia kwamba uvumbuzi huo ni wao.

Michoro yao ni ya kustaajabisha hata leo. Eropleni ile ilikuwa na rafadha mbili mbele, moja kuume na moja kushoto. Moja ilizunguka upande huu, na ya pili upande wa pili. Sababu yake ni nini? Rafadha ikizunguka upande mmoja, mwili wa eropleni hutaka kugeuka upande mwingine, kama vile mtu akisukuma ukuta naye husukumwa nyuma. Rafadha zikiwa mbili, zikizunguka kwa kupingana, moja huzuia kosa la mwenzake, na eropleni hukaa sawa.

Ilikuwa na magurudumu ya kukunjwa baada ya kuruka, nayo iliweza kutua juu ya maji pia. Mwongozi aliketi chini ya kifuniko cha kioo, kisimpige upepo. Kwa fimbo moja tu aliweza kuongoza usukani wa kupanda na kushuka, pamoja na usukani wa kugeuka. Alphonse alikisia kwamba eropleni hiyo itakuwa na uzito wa karibu kilo 1,200, na kwamba itakwenda karibu kilometa 96 kwa saa, ikipata injini ya nguvu za farasi 20 hata 30.

Ikipata injini! Hapo ndipo ilipokwama kazi yote. Mpira unatosha kurusha kijiti cha gramu 16, hautoshi kurusha watu wawili. Na injini nyepesi yenye nguvu nyingi hivyo haikuwapo duniani. Mambo yake mengi yalikuja kuonekana katika eropleni za kweli, lakini baada ya miaka mingi. Mwaka wa 1876 yalikuwa kwenye karatasi tu.

7. Huzuni ya Alphonse

Alphonse akaanza kutafuta watu wenye mali, wamsaidie kuijenga eropleni yake. Hakuwapata. Wengine walimcheka. Wengine walisema ana ndoto tu. Na wakati huo huo ugonjwa wake ulizidi, maumivu yakawa makali, na nguvu za mwili zikapungua.

Palikuwa na mtu mmoja tajiri mjini Paris, Henri Giffard, aliyekuwa fundi mkubwa. Mwaka wa 1852 Giffard alikuwa amesafiri kwa puto refu lenye injini ya mvuke, wa kwanza kufanya hivyo. Alphonse alitumaini kwamba mtu kama huyo atamwelewa. Lakini msaada aliouhitaji haukuja.

Inasimuliwa kwamba Alphonse alizikusanya karatasi zake zote na michoro yake, akazitia katika sanduku dogo lenye umbo la jeneza, akalipeleka nyumbani kwa Giffard. Ilikuwa kama kusema kwamba kazi yake imekufa, na sasa inazikwa. Kisha, katika mwezi wa Oktoba mwaka wa 1880, huzuni ikamshinda, akajiondolea uhai. Alikuwa na miaka 30 tu.

Habari hii inasikitisha, wala si ya kusifiwa. Alphonse alikuwa mgonjwa, amechoka, na huzuni nyingi hufumba macho ya mtu kama ukungu unavyofunika ziwa asubuhi. Ng'ambo ipo, vilima vipo, lakini mtu haoni kitu. Anadhani dunia imeishia pale ukungu unapoanzia. Mtu akiwa katika hali hiyo asikae peke yake. Amwendee mzazi, mwalimu, padri au rafiki, amwambie yaliyo moyoni. Na mtu akimwona mwenzake yu katika hali hiyo, asimcheke, wala asimwache. Jembe moja zito hubebwa na wawili.

Alphonse alidhani kazi yake imekufa. Alikosea. Wakati ule ule ilikuwa hai, mikononi mwa watoto.

8. Kitu kilichorushwa chumbani

Miaka miwili kabla ya kifo cha Alphonse, yaani mwaka wa 1878, Milton Wright alirudi nyumbani kutoka safarini. Alikuwa askofu wa kanisa moja la Kiprotestanti huko Marekani. Alikuwa na watoto wawili waliopenda sana kutengeneza vitu. Wilbur alikuwa na miaka 11, na Orville, yule aliyezaliwa siku moja baada ya safari ya bustani ya Tuileries, alikuwa na miaka 7.

Baba aliwaletea zawadi, lakini aliificha mikononi. Kabla hawajaiona, aliirusha hewani. Watoto walidhani itaanguka. Lakini haikuanguka, ilipanda mpaka darini, ikapigapiga huko, ndipo ikashuka. Ilikuwa helikopta ndogo ya karatasi, mianzi na kizibo, yenye rafadha zilizozungushwa na mpira uliosokotwa. Ilifanywa kwa kufuata mfano wa Alphonse Pénaud.

Watoto wakaichezea mpaka ikavunjika. Ilipovunjika hawakulia, wakatengeneza nyingine kwa mikono yao. Kisha wakatengeneza kubwa zaidi, wakidhani itaruka zaidi. Wakaona kwamba kila walipoikuza, iliruka vibaya. Walikuwa wamegusa shida ile ile iliyomkwamisha Alphonse: chombo kikiwa kikubwa kidogo, nguvu inayohitajika huwa kubwa mno. Lakini hawakuisahau ile siku.

Wilbur na Orville walipokua walifungua duka la kutengeneza baiskeli mjini Dayton. Wakati huo watu walikuwa wamekwisha kuvumbua injini ya petroli, iliyo nyepesi kuliko ile ya mvuke. Ndugu hao wawili wakafanya kazi kwa uvumilivu, mwaka kwa mwaka. Tarehe 17 Desemba 1903, pwani ya Kitty Hawk, Orville aliruka katika eropleni yao kwa sekunde 12, akaenda mita 36 na nusu. Siku hiyo hiyo Wilbur alikaa hewani sekunde 59.

Eropleni yao ilikuwa na injini moja na rafadha mbili. Rafadha hizo zilizungushwa kwa minyororo, kama ile ya baiskeli, nazo zilizunguka kwa kupingana, moja upande huu, moja upande wa pili. Alphonse Pénaud angaliiona, angaliijua mara moja.

Tarehe 17 Desemba 1935, miaka 32 kamili baada ya siku ya Kitty Hawk, iliruka kwa mara ya kwanza eropleni ya Kimarekani iliyoitwa DC-3. Ilikuwa na injini mbili, moja katika kila bawa, na magurudumu ya kukunjwa. Eropleni hizo zilienea duniani kote, zikaja mpaka Afrika, na Kongo pia. Hivyo sekunde 11 za Alphonse zilizaa sekunde 12 za Orville, na sekunde 12 zikazaa safari za saa nyingi juu ya misitu, maziwa na milima.

9. Kazi ya mikono: eropleni ndogo ya rafadha mbili

Kazi ya Alphonse inaweza kufanywa hata leo na watoto wenye subira. Vitu vinavyohitajika ni vijiti vyepesi vya mwanzi au matete makavu, karatasi nyembamba, gundi, uzi, waya mwembamba na nyuzi za mpira.

Kwanza, chagueni vijiti viwili vilivyo sawa kwa urefu na uzito. Viwekeni sambamba, mfunge vijiti vingine vifupi kati yake, kama ngazi ndogo. Vijiti hivi viwili ni mahali pa injini mbili.

Pili, chongeni rafadha mbili za ubao mwepesi. Hapa watoto wengi hukosa. Rafadha hizo zisifanane kabisa, bali ziwe kama mkono wa kuume na mkono wa kushoto. Mapanga ya moja yageuzwe upande mmoja, na ya nyingine upande wa pili. Kila rafadha itiwe waya katikati, wenye kulabu ya kushikia mpira.

Tatu, nyosheni uzi wa mpira kando ya kila kijiti. Mipira hiyo miwili iwe sawa kwa urefu na unene, maana mmoja ukiwa na nguvu kuliko mwenzake, eropleni itageuka upande mmoja.

Nne, fanyeni bawa la vijiti na karatasi, ncha zake zielekee juu kidogo. Fanyeni na bawa dogo la mkia, mliinamishe kidogo kuliko lile kubwa. Kabla ya kusokota mpira, irusheni eropleni kwa mkono tu, mahali penye majani. Ikidondosha pua, sogezeni bawa mbele kidogo. Ikiinua pua mno na kusimama, lirudisheni nyuma. Rudieni mpaka ishuke taratibu kama jani.

Mwisho, sokoteni mipira, mmoja kwa kuume, mwingine kwa kushoto, na mizunguko ihesabiwe iwe sawa. Huu ni kazi ya watoto wawili, kila mmoja na mpira wake. Shikeni rafadha zote mbili, mziachilie kwa pamoja, na eropleni iende.

Huenda isiruke mara ya kwanza. Ikianguka, itazameni vizuri imeangukaje, kwa maana eropleni iliyoanguka inafundisha kuliko iliyobaki mezani. Kisha itengenezeni, mjaribu tena.

Maswali

1. Kwa nini Alphonse hakuweza kuwa askari wa manowari?
2. Maputo ya Paris yalikuwa na faida gani? Yalikuwa na kasoro gani?
3. Kwa nini mpira ulifaa kuliko springi ya chuma?
4. Eleza namna mkia unavyoisaidia eropleni kujiweka sawa.
5. Kwa nini rafadha mbili huzunguka kwa kupingana?
6. Alphonse alipokata tamaa, ni jambo gani ambalo hakulijua?
7. Mtu akiwa na huzuni nyingi, afanye nini? Na wenzake wafanye nini?
8. Hesabu: Alphonse alirusha chombo chake mwaka wa 1871, na ndugu Wright waliruka mwaka wa 1903. Ilipita miaka mingapi?